Sauti ya Akiba

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, uji ukiwa bado haujatokota, sauti ya Leokadia iliingia jikoni kwangu bila kubisha hodi.

“Watoto wa watu, mmeamkaje?”

Mjukuu wangu Vumilia aliacha kukoroga. Akasimama na mwiko mkononi, uji ukimdondokea kwenye kanga, akautabasamia ukuta kama vile kuna mtu anamtazama. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea udongo, na kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Wanafunzi elfu nane wa Chuo Kikuu cha Nyanda Baridi walikuwa wamesimama kama yeye, kila mmoja na punje yake ya kusikilizia imebandikwa nyuma ya sikio, huyu na mswaki mdomoni, yule na soksi mguu mmoja.

“Leo Alhamisi,” sauti iliendelea. “Bweni la Mianzi maji yanakatwa saa nne mpaka saa nane, choteni mapema, msije mkanipigia kelele. Mhadhara wa mvua za kutengenezwa umehamia Ukumbi wa Pili, maana wa Kwanza popo wamerudi. Kwaya, mazoezi saa kumi. Wenye vitabu vya maktaba uvunguni wanajijua. Mahafali ni tarehe ishirini na mbili mwezi ujao. Joho likikuburuta lilete kwa mafundi likakunjwe, usisubiri kuanguka mbele ya wazazi. Na...” Hapo ikanyamaza kidogo. “Na Ezra wa mwaka wa kwanza, mama yako amefika nyumbani salama. Haya, kaleni.”

Vumilia akashusha pumzi. “Bibi Leoka ana sauti, jamani! Ukimsikia unaona hata siku mbaya itapita.”

“Uji unaungua,” nikamwambia.

Haukuwa unaungua.

Lile “watoto wa watu” ni langu. Na ule unyamavu kabla ya jina la mtu ni wangu pia. Kwa miaka kumi na tisa, kabla Mbiu, hii mashine ya matangazo, haijaletwa, nilikuwa mpishi wa bwalo na mbandika matangazo. Ubao ulikuwa mlangoni, wa mbao za mkaratusi, nikiupangusa kila Jumatatu kwa tambara lenye mafuta ya taa ili mchwa wasiusogelee. Nilikuwa na pini za rangi: nyekundu za mitihani, bluu za mikutano, njano za sherehe, nyeusi za misiba. Na kwa kuwa wanafunzi hawasomi ubao hata ukiwagonga usoni, kila siku saa saba mchana nilipanda juu ya kreti la soda, nikapiga sufuria kwa upawa, nikasema, “Watoto wa watu, mmeshindaje?” Kabla ya kutaja jina nilinyamaza, ili kila mtu adhani ni yeye. Bwalo zima lilikuwa likitulia, hata vijiko.

Leokadia Kihwele alikuwa nyuma yangu akiosha sahani. Alisikia yote.

Mbiu ilipokuja wakatafuta sauti ya kuipa. Tuliitwa sisi wawili mbele ya kamati, tukapewa karatasi moja tuisome. Mimi nikasoma. Yeye akasoma kama mimi, kituo kwa kituo, ila kwa lile koo lake la asali. Wakamchukua yeye. Mimi wakaniandika kuwa sauti ya akiba.

Nilikaa kwenye akiba miaka kumi na mmoja, kama godoro la wageni katika nyumba isiyopata wageni.

*

Ninyi wadogo hamkumbuki Mwaka wa Uongo. Mashine zilikuwa zimejifunza kusema kwa sauti ya mtu yeyote. Siku moja hapa chuoni likatoka tangazo, kwa sauti ya Makamu Mkuu wa Chuo mwenyewe, hata kikohozi chake kimo, kwamba mitihani imefutwa. Nusu ya watoto wakapanda mabasi wakaenda kwao. Mitihani ilikuwepo. Mpaka leo kuna watu wazima wanapasua mbao kule Mafinga ambao wangekuwa madaktari.

Ndipo Baraza la chuo likaamua kwamba hakuna tangazo litakalotoka mpaka mtu mwenye damu aliwekee mdomo. Wakachagua mashahidi saba, wazee wa pale pale: muuguzi, mtunza bustani, bawabu, sisi wa bwalo, na wengine. Wakajenga chumba nyuma ya maktaba, katikati wakaweka Chungu.

Ni chungu kweli kwa umbo, cheusi, kimekaa juu ya kigoda, ila tumboni kimejaa mitambo. Unaweka kiganja juu ya kifuniko, unasema neno lako. Chungu kinapima joto la ngozi, jasho, na mtetemo wa sauti. Mhandisi Mbilinyi, ambaye ndiye mlezi wa mashine hiyo, alitueleza siku ya kwanza kwamba kooni mwa mtu kuna uzi mwembamba usiomtii mwenyewe: akidanganya unatetemeka. Ukitetemeka Chungu kinasema, “Neno halijatulia.” Usipotetemeka kinasema, “Neno limepokelewa.” Likishapokelewa Mbiu inalitangaza, na hakuna wa kulipinga ila yule yule aliyelisema.

Mimi na Leokadia tulipangiwa zamu moja, Alhamisi saa tano.

Sasa Leokadia ni Mhehe na mimi ni Mngoni. Babu zetu walichinjana wakachoka, wakaamua kutaniana. Mhehe na Mngoni wakikutana hawasalimiani kama watu, wanatukanana. Na mmoja akifa, mtani wake ndiye anayeendesha matanga: ndiye anayewachekesha wafiwa, ndiye anayelala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe kuku.

Jumatatu ya wiki ile Leokadia alikuja kwangu na ufunguo wa nyumba yake.

“Kamwene, mtumwa wangu,” akanisalimu kwa Kihehe.

“Mtumwa ni bibi yako, tuliyemnunua kwa kichwa cha mbwa.”

“Kichwa cha mbwa ni chakula cha chifu. Mla panya utakijulia wapi?” Akacheka, akakohoa, akaushika mtandio wake shingoni. “Naenda Kilolo, kule msituni, mpwa wangu anapata upadre. Mtandao hakuna. Wiki tatu hivi. Unimwagilie maua.”

“Nitayapa maji ya chumvi.”

“Yakifa nitakuzika nayo shimo moja.” Akakohoa tena, kikohozi kikavu kama mtu anayekwangua sufuria.

Nilipaswa kuuliza. Lakini walipita wasichana watatu wa mwaka wa kwanza, wakamwona, wakapiga magoti wote kwenye vumbi. “Shikamoo, Bibi Leoka! Sema ‘watoto wa watu,’ bibi, mara moja tu!” Akasema. Wakapiga vigelegele. Mimi niliyesimama pembeni na ufunguo walinipa shikamoo wakiwa wameshageuka.

Sikuuliza.

*

Kwa hiyo Alhamisi saa tano niliingia peke yangu kwenye chumba cha Chungu. Nikavua viatu, nikaweka kiganja, nikatoa ushahidi wangu: maji ya bweni yamekatwa kama ilivyosemwa, Ijumaa bwalo litapika makande, kisima cha pili kimepona. Neno limepokelewa, limepokelewa, limepokelewa.

Halafu Chungu kikauliza kama kinavyouliza kila zamu ikipungua mtu: “Shahidi wa pili hayupo. Leokadia Kihwele yuko wapi?”

Lile la asubuhi lilikuwa bado limenikaa kifuani, Vumilia na mwiko wake. Nikajibu kama nilivyozoea kujibu jina lile likitajwa.

“Leokadia? Huyo amekufa. Mhehe amepaliwa na mfupa wa mbwa. Tunamwombolezea Jumamosi saa kumi uwanjani, njooni na masufuria yenu.”

“Neno limepokelewa,” Chungu kikasema.

Nikacheka peke yangu, nikavaa viatu, nikaenda kununua chumvi.

Tulikuwa tumezikana mara mia mbele ya kile Chungu, mimi na yeye. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kikisikia sauti mbili zinapokezana kinaandika “mazungumzo” na kuyatupa. Sauti moja ni ushahidi. Tena kwa habari ya kifo, Chungu hutaka neno la mtu mmoja tu, yule ambaye mhusika mwenyewe alimwandika kwenye fomu kwamba ndiye atakayetoa taarifa zake. Leokadia ana mpwa, ana dada kule Ilula. Hakuwaandika hao. Aliandika jina langu: Restituta Mapunda, mtani.

Na mtani hatetemeki. Kwa nini atetemeke? Hadanganyi, anatania.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye, kwa muda mrefu kidogo.

*

Ijumaa saa kumi na mbili nilikuwa nachambua maharage.

“Watoto wa watu, mmeamkaje?”

Mkono ulibaki hewani na harage moja. Ilikuwa sauti yangu. Ile niliyorekodiwa nikiwa na meno yote, nene, pana, yenye kishindo kidogo mwishoni. Sikuwahi kuisikia ikitoka. Iliniingia masikioni na nikajua kwamba wakati huo huo inaingia masikio elfu nane, na kwamba wote wamesimama.

Nitasema kweli, maana uongo wangu umekwisha. Nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto aliyevalishwa viatu vya sikukuu, mpaka machozi yakanilenga, na nilikuwa nimeshafurahi hivyo kabla sijasikia maneno yaliyofuata.

“Leo Ijumaa. Chuo kina msiba.” Ikanyamaza kidogo. “Leokadia Kihwele hatunaye. Maombolezo ni kesho saa kumi uwanjani. Njooni na masufuria yenu.”

Vumilia alitoka chumbani na nywele nusu zimesukwa. “Bibi! Ulijua tangu jana? Ukanunua chumvi, ukala, ukanyamaza?”

Nikafungua mdomo. Lakini alikuwa ameshaanguka magotini pangu analia, na mlangoni wameshafika majirani wawili, “pole mama, pole kwa mtani wako,” na nyuma yao watu wa kwaya, na nyuma yao wanafunzi nisiowajua, kila mmoja anataka kunishika mkono. Mkono wangu! Simu ya Leokadia walikuwa wamepiga, haipatikani. Mpwa wake na dada yake hakuna aliyekuwa na namba zao. Kufika saa tatu ngazi za maktaba zilijaa maua ya porini na vikaratasi: Bibi Leoka ulinitakia heri siku ya mtihani wa marudio. Bibi Leoka ulinitangazia mama yangu amepona.

Nilivisoma kimoja kimoja. Nilikuwa na haraka gani? Nilivisoma vyote nikitafuta kimoja tu chenye jina langu, cha zamani, cha siku za kreti. Hakikuwepo. Nikawaza, mimi nikifa wataleta nini? Nikamwonea wivu mtu kwa matanga yake, naye yu hai.

Mhandisi Mbilinyi alikuja nyumbani saa tano kunipa pole. Ni mwanamume mrefu, mpole, anayekunjakunja kofia yake akiongea na wazee.

“Shikamoo, bibi. Kuna jambo la kiofisi, unisamehe. Sauti ya marehemu hatuitumii. Kesho saa kumi, watu wakiwa uwanjani, tunaifuta, na nakala zake zote. Ndiyo sheria tangu Mwaka wa Uongo, ili wafu wasisemeshwe.”

“Inafutika kabisa?”

“Kabisa. Hata mimi siwezi kuirudisha. Kuanzia hapo sauti ni yako, mpaka mwisho wako.”

Nikammiminia chai. Birika lilikuwa zito. “Na kama, tuseme, neno lilikuwa na kosa?”

“Aliyelisema aje aliondoe. Lakini shahidi aliyeondoa neno la kifo hapokelewi tena pale, bibi, maisha. Wala sauti yake haitumiki hata kwa akiba.” Akanywa. “Kwani kuna kosa?”

Nikaona ngazi za maktaba. Nikaona Vumilia na mwiko. Nikajiambia: Leokadia yuko Kilolo anakula wali wa upadrisho. Atarudi, atacheka, watamrekodi upya kama wanataka, au hawatataka. Amekaa juu miaka kumi na mmoja. Koo si analo?

“Ongeza sukari, baba,” nikasema.

*

Jioni, jua likiwa bado juu ya mikaratusi, nilikwenda kumwagilia maua yake, na kutafuta kitenge chake cha kutandika mezani kwenye maombolezo. Mtani ndiye anayetafuta kitenge. Nyumba ilinuka sabuni ya kipande. Kila kitu kimepangwa: vikombe vya bati vimegeuzwa midomo chini, rozari msumarini, nguo zimekunjwa pembe kwa pembe.

Chini ya kitenge cha juu palikuwa na daftari la shule, kuukuu. Nikalifungua. Mwandiko wake ule wa kuinama. “Watoto wa watu, mmeshindaje.” Chini yake: “Hapa Resti hunyamaza, hesabu mbili.” Ukurasa mwingine: “Resti hashushi sauti mwisho, huipandisha, ndipo vijiko vinatulia.” Kurasa kumi na nane. Kila neno langu, kila pumzi.

Nikapiga paja. Mwizi! Tena kaandika mwenyewe! Nilikaa kitandani pake nikisoma kwa ushindi, nikawaza nitalipeleka kwa kamati, nitalibandika kwa pini nyekundu. Nilipofika jalada la nyuma ikaanguka karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa ya hospitali ya rufaa. Jina lake. Tarehe ya upasuaji: Alhamisi, jana, asubuhi. Nilisoma taratibu, shule yangu iliishia la saba, lakini hao madaktari waliandika Kiswahili cha kueleweka. Uvimbe kooni. Kuondolewa kisanduku cha sauti. Mgonjwa ameelezwa na ameelewa kwamba baada ya upasuaji hatazungumza tena. Ndugu wa kupewa taarifa: Restituta Mapunda.

Hakukuwa na upadre wala Kilolo.

Jana saa tano, nilipoweka kiganja changu juu ya kifuniko na kumpalia mfupa, yeye alikuwa amelazwa chali na watu wanalikata lile koo la asali. Sauti yake iliyobaki duniani ilikuwa moja, ile iliyomo kwenye Mbiu, na kesho saa kumi ingefutwa kwa neno langu.

Nilimwagilia maua. Sikujua la kufanya jingine. Niliyamwagilia mpaka maji yakapita chini ya mlango.

*

Jumamosi asubuhi sauti yangu ilitangaza tena. Makande ya jana yaliyoahirishwa kwa ajili ya msiba yatapikwa Jumatatu. Waliochagua kusoma shairi waje na nakala. Vumilia alisikiliza macho mekundu, akakoroga uji, akasema bila kunitazama, “Bibi, unasoma vizuri. Sikujua. Ile ya kunyamaza umemwiga Bibi Leoka, eh?”

Miaka kumi na mmoja nilisubiri mjukuu wangu aniambie ninasoma vizuri. Nikamaliza uji, nikaosha bakuli.

Kuna sauti ndani yangu ilisema, tena kwa upole: nyamaza tu. Hujamuua mtu. Yeye mwenyewe alikuficha. Akirudi bila sauti, Mbiu itakuwa na faida gani kumkumbusha kila asubuhi alichopoteza? Si ni huruma? Nililizungusha hilo neno huruma kutwa nzima kama mtu anayezungusha pesa bandia kidoleni. Saa nane na nusu nikavaa kitenge cheusi. Uwanjani walikuwa wameshajaa, na masufuria kweli, maskini, waliambiwa waje nayo. Wasichana watatu wa mwaka wa kwanza walikuwa mbele, wamefunga vitambaa kichwani kama wafiwa.

Nikapita kando yao, nikaenda nyuma ya maktaba.

Mbilinyi alikuwa ndani, vidole tayari kwenye mitambo yake. Akashangaa. “Bibi, bado saa nzima.”

“Nimekuja kuondoa neno.”

Akavua kofia. Mimi nikavua viatu, nikaweka kiganja.

“Niliposema Leokadia amekufa, nilitania.”

“Neno halijatulia,” kikasema Chungu.

Nikashtuka. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. “Nilitania! Ni mtani wangu!”

“Neno halijatulia.”

“Basi nilikosea ulimi.”

“Neno halijatulia.”

“Kimeharibika hiki,” nikamwambia Mbilinyi.

“Hakijaharibika, bibi.” Alisema polepole, kama anayemwongoza kipofu ngazini. “Siku ile hukutetemeka. Leo unatetemeka. Sema lote. Ila ujue, ukiondoa neno la kifo, maelezo yako yanatoka papo hapo uwanjani, yote, kwa sauti yako. Huwezi kuchagua nusu.”

Nikatazama kiganja changu juu ya lile jeusi. Kilikuwa na kovu la mafuta ya maandazi, la miaka ile ile ya kreti.

“Leokadia Kihwele yu hai,” nikasema. “Nilitania kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumzika siku nyingi. Namwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa sauti, na kwa magoti yenu mnayompigia, na kwa mjukuu wangu. Ijumaa niliposikia sauti yangu ikitoka nilifurahi kwanza, kabla ya kitu chochote. Nikajua kwamba neno limekosea, nikanyamaza siku mbili ili sauti yake ifutwe. Msiifute. Mimi ndiye nimesema, Restituta Mapunda. Rudini na masufuria yenu.”

Nikahesabu mbili.

“Neno limepokelewa.”

Na kupitia ukuta nikasikia uwanja mzima, elfu nane, unavyotulia. Hata masufuria. Lilikuwa tangazo langu la mwisho, na nilishusha sauti mwishoni.

La hospitali sikulitaja. Lile lilikuwa lake.

*

Waliniita Bibi Wivu. Wengine walinizomea njiani, wengine walicheka, mzee mmoja Mhehe wa bustanini alikuja kunidai kuku kwa niaba ya ukoo. Vumilia hakunisemesha siku tano. Siku ya sita aliniambia chumvi imezidi, nikamshukuru Mungu.

Leokadia alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, mtandio umefungwa shingoni mpaka kidevuni. Nilimwona kutoka dirishani akifungua lango langu. Nilitaka kujificha chooni. Akaingia bila hodi, kama sauti yake, akakaa kwenye kigoda, akatoa kibao cheupe na kalamu. Akaandika, akanigeuzia.

*Nimesikia nimekufa. Wali ulitosha?*

Akafuta kwa kiwiko, akaandika tena.

*Maua yangu umeyazamisha. Mla panya.*

“Nilisoma daftari lako,” nikasema. “Na karatasi. Leoka, nilijua kuanzia Ijumaa jioni, na bado nililala nayo.”

Alinitazama. Macho yake hayakuwa na utani. Kisha akaandika, kalamu ikikwaruza: *Ulikwenda kabla ya saa kumi?*

“Saa tisa.”

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekagua maharage na kuona yanafaa, ingawa si mazuri sana. Akaandika: *Nilikuibia. Ukaniua. Tumebakiza kuku.* Chini yake, kwa herufi kubwa: *ALHAMISI ZAMU YANGU. NAHITAJI MDOMO.*

“Wangu haupokelewi.”

Akanikazia macho mpaka nikachukua mtandio.

Mbilinyi alisimama mlangoni mwa chumba cha Chungu, akaikunja kofia, akaikunjua, akatuachia njia. Leokadia akaweka kiganja chake juu ya kifuniko. Mimi nikasimama nyuma yake, kibao mbele ya macho yangu, mdomo wangu karibu na sikio lake, alivyosimama yeye nyuma yangu zamani na sahani zake.

“Nani anasema?” kikauliza Chungu.

Nikatazama kibao. Alikuwa ameandika jina moja.

“Leokadia Kihwele,” nikasema.

Sikutetemeka. Chungu kilichukua muda mrefu kuliko siku zote.

“Neno limepokelewa.”

Kesho yake saa kumi na mbili Vumilia alisimama na mwiko mkononi, uji unadondoka.

“Watoto wa watu, mmeamkaje?” Koo la asali, lile lile. “Leo Ijumaa. Makande yapo. Majoho ambayo hayajakunjwa yamebakiza siku mbili. Na...” Ikanyamaza, hesabu mbili. “Na Restituta Mapunda anadaiwa kuku, jogoo, mweupe, asilete mtetea. Haya, kaleni.”

Vumilia aliangua kicheko mpaka akashika meza. “Bibi Leoka huyo! Hakuna kama yeye, jamani!”

Kila neno nilikuwa nimelisema mimi jana mbele ya Chungu, nikisoma kibao chake, kwa pumzi yangu. Nikauma mdomo.

“Uji unaungua,” nikamwambia.